Kuba ya kitambaa au ya metali: ukali wa sauti ya twita unatoka wapi hasa?

#1 Sikiomakini (mtoa mada)

Salaam, wakuu. Nina jozi ya spika za njia mbili, zenye wufa (spika kubwa ya sauti za chini) ya milimita 165 na twita (spika ndogo ya sauti za juu) yenye kuba, yaani uso mdogo uliobinuka unaotetema, ya alumini ya milimita 25. Ninaposikiliza muziki wenye matoazi mengi, au mwimbaji aliyerekodiwa karibu sana na maikrofoni, masikio huchoka mapema na kila "s" hutoka na makali yanayokera. Rafiki yangu anayeunda spika anasema hiyo ndiyo tabia ya metali: kuba ya metali italia kimetali siku zote, ya hariri italia laini siku zote, na dawa ni kubadilisha twita. Hoja hiyo nimeisoma mahali pengi, ila kila anayeitoa huitoa kana kwamba haihitaji ushahidi. Naomba kujua kama malighafi ya kuba inasikika kweli, na kama inasikika, inafika sikioni kwa njia gani.

#2 Mpenda Besi

Mkuu, jambo hili halihitaji mjadala mrefu. Gonga sufuria, kisha gonga kitambaa. Umeshajibiwa.

#3 Mzee Koili

Mpenda Besi, sufuria hulia kwa sababu ni kubwa, imeachwa huru, na mlio wake wa asili uko ndani kabisa ya masafa tunayoyasikia. Kuba ya milimita 25 haigongwi, bali husukumwa na koili (waya uliozungushwa, unaosogezwa na nguvu ya sumaku) iliyobandikwa ukingoni mwake, na pamoja na koili hiyo uzito wote unaosogea ni kama theluthi moja ya gramu. Katika sehemu kubwa ya kazi yake huenda mbele na kurudi nyuma kama kitu kimoja, na ikiwa katika hali hiyo hewa haina namna ya kujua imesukumwa na alumini au na kitambaa.

Tofauti huanza pale kuba inaposhindwa kwenda kama kitu kimoja. Kuba ya alumini ya ukubwa huo kwa kawaida hufika huko kati ya kilohezi 25 na 30, ambapo hutoa kilele chembamba na kirefu cha desibeli 10 au zaidi. Kuba ya kitambaa huanza kupinda mapema zaidi, ndani ya masafa yanayosikika, kwa kuwa ukingo husogea na koili wakati sehemu ya katikati ya kuba inachelewa nyuma. Hata hivyo kitambaa kilichopakwa utomvu hufyonza mtetemo wake chenyewe, kwa hiyo badala ya kilele kirefu unapata mteremko na vijiwimbi vidogo. Kwa lugha nyingine, metali hutenda kosa moja kubwa mbali na masikio, na kitambaa hutenda makosa madogo mengi karibu nayo. Nani mwenye afadhali, hapo ndipo watu wanapogombana.

#4 Desibeli Sita

Shukrani kwa maelezo, Mzee Koili. Ikiwa tatizo ni kilele hicho, basi mtoa mada aiache alumini na achukue titaniamu. Titaniamu ni ngumu zaidi, kwa hiyo kilele chake kitakuwa juu zaidi na kitaondoka kabisa njiani.

#5 Rula na Kipimo

Mchango namba 4 unahitaji kurekebishwa. Ni kweli titaniamu ina ukakamavu mkubwa kuliko alumini, takribani gigapaskali 110 dhidi ya 70, lakini densiti yake nayo imepanda, gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo dhidi ya 2.7. Kwa kuba zenye umbo na kipenyo kilekile, mahali pa kilele huamuliwa na uwiano wa viwili hivyo, yaani kwa kasi ya sauti ndani ya malighafi yenyewe. Piga hesabu utaona kwamba alumini, titaniamu na magnesiamu zote zinaangukia karibu na mita 5,000 kwa sekunde. Anayetoka kwenye alumini kwenda kwenye titaniamu kwa sababu hiyo pekee hajasogea popote. Magnesiamu ina faida ya namna nyingine: kwa kuwa ni nyepesi, kuba yake inaweza kufanywa nene zaidi bila kuongeza uzito, na unene husaidia dhidi ya kupinda.

Zinazojitenga kweli ni mbili. Beriliamu ina takribani gigapaskali 300 kwa densiti ya 1.85, na kasi yake huzidi mita 12,000 kwa sekunde. Yamaha waliitumia katika NS-1000M tangu mwaka 1974. Almasi ya kutengenezwa kiwandani huzidi mita 17,000, na B&W, watengenezaji wa spika, hutaja karibu kilohezi 70 kuwa mahali ambapo kuba yao ya almasi huanza kupinda.

Nitupie na mfano wa upande wa pili kwa wanaoamini kwamba namba hii ndiyo kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Celestion walitoa spika ya SL6 yenye kuba ya shaba. Shaba ni nzito na kasi yake haifiki hata mita 4,000, kwa hiyo kwenye karatasi ni chaguo baya kuliko metali zote nilizozitaja. Spika hiyo iliheshimiwa sana.

#6 Binti Mawimbi

Nimesoma yote na ninaona tunazunguka kuba huku tumeacha kilichoizunguka. Mtoa mada amesema wufa yake ni ya milimita 165. Ikifika karibu kilohezi 2.5 wufa ya ukubwa huo imeshaanza kubana sauti yake mbele, yaani aliyekaa pembeni anapata kidogo. Hapohapo twita inapokea kazi, nayo kwa kuwa ni ndogo inamwaga sauti pande zote. Ukipima mbele moja kwa moja na kuchora kiwango cha sauti kwa kila masafa utaona mstari ulionyooka, lakini ukipima kwa nyuzi 45 au 60 utaona bonde chini ya makutano na kilima juu yake, tuseme kati ya kilohezi 3 na 6. Kilima hicho kinagonga kuta za pembeni na kukurudia. Masikio ya binadamu yana wepesi mkubwa zaidi katika eneo hilohilo, na mtu huliita eneo hilo ukali.

Kuba ya hariri ya milimita 25 ukiiweka kwenye kasha hilohilo, na krosova hiyohiyo (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita), itakuletea kilima kilekile. Mtawanyiko hutegemea kipenyo na umbo la uso unaoizunguka. Malighafi haimo katika hesabu hiyo mpaka ufike juu sana.

#7 Nyuzi Mbili

Binti Mawimbi, kwa heshima zote, nina kesi inayokataa kumezwa na maelezo yako. Niliwahi kufunga twita mbili katika kasha moja, moja ya kitambaa na moja ya alumini, zote za milimita 25. Nilizisawazisha kwa kichakata sauti mpaka mistari yao ya mbele ikatofautiana kwa chini ya nusu desibeli hadi kilohezi 15. Tofauti ilipungua sana, hilo nakubali, na mtu aliyesema mwanzoni kwamba moja ni usiku na nyingine mchana alianza kusitasita. Lakini haikuisha. Kwenye matoazi yaliyopigwa kwa nguvu bado niliweza kuzitambua, na aliyekuwa akizibadilisha alikuwa nyuma yangu, bila mimi kumwona.

#8 Binti Mawimbi

Bamba za mbele za twita hizo zilikuwa na umbo moja?

#9 Nyuzi Mbili

Hapana. Ya alumini ilikuwa na bamba lenye mfinyo mdogo kama mdomo wa pembe, ya kitambaa ilikuwa bapa.

#10 Binti Mawimbi

Basi ulisawazisha mbele na ukaacha pembeni palivyokuwa. Ulichokitambua huenda kilikuwa bamba.

#11 Fundi Kasha

Mimi ninatengeneza spika zilizoharibika, kwa hiyo hukutana zaidi na kinachokaa nyuma ya kuba. Kabla ya kulaumu alumini ningeuliza mambo mawili.

La kwanza ni krosova. Kwa sauti ya kiwango kilekile, kila unaposhuka oktavu moja (yaani masafa yakipungua nusu), kuba inalazimika kusogea mara nne zaidi. Twita iliyokatwa kwa kilohezi 1.8, yaani inayoanza kazi hapo, kwa mteremko wa desibeli 12 inafanya kazi ngumu mno ikilinganishwa na iliyokatwa kwa kilohezi 3 kwa desibeli 24. Ikisukumwa hivyo hutoa harmoniki (sauti za ziada zenye masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea ya sauti ya asili) zisizokuwa katika rekodi, na masikio huzisoma harmoniki hizo kama ukavu au ukali. Watengenezaji wengi wa spika za bei ndogo huweka kapasita moja na rezista moja, basi.

La pili ni sumaku na mfumo wake. Pete ya shaba kwenye nguzo ya sumaku hupunguza mabadiliko ya uga wakati koili inapotembea, na harmoniki ya tatu hushuka. Baadhi ya twita zina kiowevu chenye chembe za sumaku ndani ya mwanya wa koili, ambacho hupoza koili na kutuliza mtetemo wake wa chini, ule wa kati ya hezi 500 na 1,500. Kiowevu hicho hukauka kwa miaka. Nimefungua twita za rika moja, kutoka jozi moja, nikakuta upande mmoja kimebaki utando mzito na upande wa pili bado ni kiowevu. Mwenye mali alikuwa ameniambia kwamba metali imechoka.

Nyuzi Mbili, matoazi yaliyopigwa kwa nguvu ndiyo hasa mahali ambapo tofauti za sumaku na koili hujitokeza. Usawazishaji wako ulifanyika kwa sauti ya kiwango gani?

#12 Nyuzi Mbili

Ya kawaida, kiasi cha mazungumzo. Nakuona unapoelekea, Fundi, na inawezekana. Sasa nina washukiwa wawili na kuba bado haijaachiwa.

#13 Mpenda Besi

Ninaona sufuria yangu imezaa kesi ya mahakamani. Nina swali la pembeni kidogo: nimesikia beriliamu ni sumu. Mtu mwenye spika za aina hiyo sebuleni yuko salama?

#14 Fundi Kasha

Kuba nzima, isiyovunjika, haina tatizo. Hatari iko kwenye vumbi lake likivutwa ndani ya mapafu, kwa kuwa linaweza kuleta ugonjwa sugu wa mapafu. Ndiyo maana twita hizo karibu zote huwa na wavu usioondoleka kirahisi. Ikipasuka, usiipulize, usiifagie na usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya kawaida. Ifunike kwa utepe wa gundi, okota vipande vilivyoanguka kwa kitambaa kibichi ukiwa na glavu, funga kila kitu katika mfuko usiopitisha hewa, kisha wasiliana na mtengenezaji wake.

Nikiwa hapohapo: kuba ya kitambaa iliyobonyezwa na kidole cha mtoto mara nyingi hurudi ikivutwa kwa utepe wa gundi. Ya alumini ikibonyea huacha kunyanzi, na hata ukiivuta, mikunjo hubaki na hubadilisha jinsi inavyopinda juu huko. Sikiomakini, kuba zako ni laini kabisa?

#15 Sikiomakini

Ni safi, hazina alama yoyote. Nimeondoa bamba la nyuma na kuangalia krosova: makutano yapo karibu kilohezi 2.8, mteremko wa desibeli 12 upande wa twita, na kuna rezista moja mfululizo na twita. Kiowevu sijui kama kipo. Wavu wa mbele siuondoi kamwe.

Bado kuna jambo halijanikaa sawa. Mzee Koili amesema kilele cha alumini kiko juu ya kilohezi 25. Mimi si kijana tena, na nina uhakika kilohezi 16 sizisikii. Vipi kitu kilichoko kilohezi 26 kinichoshe?

#16 Mzee Koili

Swali zuri, na wengi hulikwepa. Zipo njia tatu zinazotajwa, na nguvu zake si sawa.

Ya kwanza husema harmoniki ya pili ya kilohezi 13, na ya tatu ya kilohezi 8.7, zote huangukia kwenye 26 na kukuzwa na kilele. Ni kweli hukuzwa, na ukipima kwa maikrofoni inayofika huko utaziona, lakini nazo ziko kwenye 26 na hazisikiki. Njia hii peke yake haimalizi hoja.

Ya pili ni kwamba mawimbi mawili ya juu yakipita katika kitu kisicho nyoofu, yaani kisichotoa kilekile kilichoingia, huzaa wimbi la tofauti yao, na hilo linaweza kushuka hadi masafa yanayosikika. Inawezekana kinadharia. Tatizo ni kwamba rekodi za sidii zenye sampuli 44,100 kwa sekunde haziwezi kubeba kitu juu ya kilohezi 22.05, kwa hiyo kilele hakipati chakula cha moja kwa moja.

Ya tatu ndiyo ninayoiamini: mguu wa kilele hauanzii kwenye kilele. Mstari huanza kuinuka mapema, pengine kutoka kilohezi 14 au 15, na mara nyingi hutanguliwa na bonde dogo. Aliyeunda krosova akiona bonde hilo huinua twita yote kwa desibeli moja ili wastani upendeze, na desibeli hiyo moja kuanzia kilohezi 3 kwenda juu husikika na yeyote. Kwa njia hiyo malighafi inaweza kusikika bila kilele chenyewe kusikika.

#17 Rula na Kipimo

Njia ya tatu ya Mzee Koili inakubali, kwa mlango wa nyuma, kwamba kilichosikika ni uamuzi wa mtu na kiwango cha twita. Alumini imeponea hapo.

Kwa wanaosema kitambaa ni laini siku zote, nawakumbusha Yamaha NS-10, iliyotoka mwaka 1978 na baadaye ikajaa katika studio za kurekodi. Ilisifika kwa ukali kiasi kwamba mafundi wa sauti walikuwa na desturi ya kubandika karatasi ya chooni mbele ya twita zake ili kuzituliza. Twita hiyo ni kuba laini ya milimita 35. Kama ulaini wa kuba ungetosha kuleta ulaini wa sauti, karatasi zile zisingehitajika.

Tena tusisahau masikio yana macho. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio ambamo watu walewale walizipa spika zilezile alama walipoziona, kisha wakazipa tena zikiwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika. Anayejua kwamba mbele yake kuna titaniamu inayong'aa ameshaanza kusikia kung'aa.

#18 Desibeli Sita

Hoja ya pazia naikubali, lakini Nyuzi Mbili alijaribu bila kuona na bado alitambua. Ninyi mnaoikana malighafi mnamhamishia kila mara mshukiwa mpya: likiisha pazia ni bamba, likiisha bamba ni sumaku, likiisha sumaku ni krosova. Sijaona bado jaribio lililobadilisha kuba peke yake na kuacha vingine vyote vilivyo.

#19 Fundi Kasha

Hutaliona kirahisi, na sababu yake inaumiza pande zote mbili. Ukibadilisha kuba umebadilisha uzito, ukibadilisha uzito umebadilisha mtetemo wa chini na wepesi wa twita, na hapo krosova nayo lazima ibadilike. Kisha kuna pindo, ule mkanda laini unaoishikilia kuba. Twita nyingi za metali zina pindo la kitambaa, na juu ya kilohezi 10 pindo nalo hutoa sauti yake, wakati mwingine kinyume na kuba. Kwenye kuba za kitambaa pindo na kuba mara nyingi ni kipande kimoja kilichofinyangwa. Kwa hiyo hata ukishika sumaku moja na bamba moja, umelinganisha mifumo miwili.

Naongeza kwamba kuba nyingi zinazoitwa za hariri ni za poliesta, na kazi kubwa ya kufyonza mtetemo hufanywa na utomvu uliopakwa. Kuba mbili za kitambaa kilekile zenye utomvu tofauti zinaweza kupishana kuliko ya kitambaa na ya metali iliyoundwa vizuri. Utomvu unaonata nao hukusanya vumbi, na vumbi ni uzito.

#20 Sikiomakini

Nimefanya jambo dogo kabla ya kununua chochote. Nimeongeza thamani ya rezista kwenye twita kiasi cha kuishusha kwa takribani desibeli moja na nusu. Nikiwa nimekaa katikati, "s" zimetulia na ninaweza kusikiliza albamu nzima. Matoazi, hata hivyo, yamepoteza ule mng'ao wa juu kabisa, na mtu aliyekaa kiti cha pembeni anasema kwake ukali upo palepale.

#21 Binti Mawimbi

Kiti cha pembeni kimesema nilichokisema katika namba 6. Umeshusha twita nzima wakati kilima kiko kati ya kilohezi 3 na 6 tu, kwa hiyo ya juu imekufa na ya pembeni imebaki. Kama unaweza, geuza spika zielekee nje kidogo ili usikilize kwa nyuzi 15, kisha rudisha rezista ya zamani na ulinganishe.

#22 Mzee Koili

Na mimi nasema kiti cha katikati kimesema nilichokisema katika namba 16: twita ilikuwa imeinuliwa, na ilipoteremshwa ikatulia.

#23 Rula na Kipimo

Matokeo yale yale, na kila mtu ameyachukua nyumbani kwake. Sikiomakini, azima maikrofoni ya kupimia, ondoa wavu, pima spika moja kwa nyuzi 0, 30 na 60 ukiwa na rezista ya zamani, kisha rudia wavu ukiwa umewekwa. Fremu ya wavu yenye kingo nene inaweza kuweka vijibonde na vijilima kuanzia kilohezi 3 kwenda juu, na katika uzi huu wote hakuna aliyeigusa. Ukishapata mistari hiyo sita uiweke hapa, na tafadhali usimwambie Desibeli Sita ni kuba ya nini mpaka aisome.

#24 Desibeli Sita

Nimeshajua ni alumini tangu namba 1. Leteni mistari.